Iwawa Haijibu

Mimi nina hasira za karibu, na kazi niliyoichagua ni kazi ya kusubiri. Shida yangu yote ilianzia hapo.

Ninaandika programu za kompyuta katika chumba cha mbele cha nyumba moja pale Lyamkena, Makambako, dirisha likitazama uwanja wanapoegesha malori. Ofisi si yangu. Ni ya bosi wangu, dereva wa zamani aliyechoka kuendesha akaanza kuwapangia wenzake safari. Kazi yake ni kutafuta malori ya kubeba viazi mviringo kutoka vituo vya wakulima vya Njombe na Makete, yavishushe Makambako kwenye barabara kuu, ambako wanunuzi hawakosekani. Ni mtu mwema. Anapaza sauti sana, lakini hiyo ni kwa sababu ya miaka mingi ya kuongea huku injini inanguruma.

Kabla sijaja alikuwa anapiga simu kituo kwa kituo. Wenye vituo ni watu wazima, na simu ya mtu mzima wa kwetu haianzi na viazi. Inaanza na salamu, inapita kwenye mvua, inakwenda kwa wagonjwa, inasimama kidogo kwenye kwaya ya kanisani, na mwisho kabisa ndipo anakwambia kama ana mzigo au hana. Bosi akifika kituo cha mwisho jua limeshapanda na madereva wamelala kwenye viti vyao. Ndipo akaniita akasema anataka kitu kitakachowauliza wote kwa pamoja.

Kwa asiyeijua kazi hii, kuwauliza wote kwa pamoja kunasikika kama jambo jepesi. Programu yangu haipeleki ujumbe yenyewe. Inaiomba seva ya kampuni ya ujumbe, kwa njia ya mtandao, na seva hiyo ndiyo inayofikisha swali kwenye simu ya mwenye kituo na kunirudishia jibu lake. Kila kituo kina ombi lake. Ukiyatuma moja moja, ukasubiri la kwanza lirudi ndipo utume la pili, hujafanya lolote zaidi ya kumuiga bosi na simu yake. Yanatakiwa yaondoke yote, wewe uendelee na shughuli nyingine, na kila moja lirudi kwa wakati wake. Wagema wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, kwetu wanafanya vivyo hivyo. Mgema hasimami chini ya mwanzi mmoja akiangalia chombo chake kikijaa tone kwa tone. Anatega mianzi yote, anakwenda shambani, kisha anarudi kukusanya.

Kutega nilijua. Kukusanya ndiko kulikonitoa jasho, tena kwenye baridi ya Makambako.

Kati ya vituo vyote, kimoja kilikuwa changu kwa namna nyingine. Kituo cha Iwawa, kule juu Makete, kinashikwa na mama yangu mdogo. Nilipokuwa shule ya msingi mama mzazi aliugua kwa muda mrefu, nami nikatolewa kijijini kwetu Njombe nikapelekwa kwake. Alinilea kama wa tumbo lake, nami ninamwita mama. Ni mwanamke wa maneno machache na macho makali, na hata leo nikiwa na watoto wangu mwenyewe, nikiingia kwake nakagua viatu vyangu kwanza.

Mume wake amefariki, watoto wake wako mijini, na magoti hayamruhusu tena kulima kama zamani. Kibanda cha mabati kilicho kando ya nyumba yake ndicho kituo. Majirani wanaleta viazi, anavipokea, anavifunika visipigwe na jua vikageuka kijani, na anajua kipi cha nani. Siku lori linapokuja, uwanja wake unajaa watu na sufuria kubwa ya chai inakaa jikoni kutwa nzima. Siku lisipokuja, anabaki yeye na ukungu. Nilipomwambia bosi kwamba mwenye kituo cha Iwawa ni mama yangu, alifurahi. Alisema basi huko hakutakuwa na shida.

Shida yote ikatoka huko.

Wiki ya kwanza skrini yangu ilikuwa nyekundu kila asubuhi. Nilikuwa nimeiandika programu ingoje majibu yote kama kundi moja, na jibu moja tu likiwa na hitilafu, kundi zima linavunjika. Vituo vingine vinajibu NDIYO au HAPANA kama walivyoelekezwa. Kutoka Iwawa kinakuja kitu ambacho programu inakiita "jibu lisilosomeka", na papo hapo inatupa majibu ya watu wote. Sikujisumbua kutazama ni kitu gani kisichosomeka. Niliamini ni herufi zilizovurugika njiani, kwa sababu kila mtu Makambako anajua kwamba ukungu ukishuka Makete, mtandao wa huko ni wa kubahatisha.

Bosi alikuwa anakuja kusimama mlangoni na kikombe chake.

"Dada, malori yaende wapi?"

"Naomba dakika chache, bosi."

"Nilipokuwa napiga simu, angalau Njombe nilikuwa nazijua habari zao. Sasa hata Njombe sizijui. Mashine imeninyang'anya na kile kidogo nilichokuwa nacho."

Alikuwa na haki. Nilikaa siku mbili nikaandika upya sehemu ile, kila ombi libebe hitilafu yake lenyewe. Likishindwa, linasema limeshindwa, na wenzake wanaendelea na safari. Nikaliwekea kila ombi muda wake wa kusubiri pia, kwa sababu kuna maombi ambayo hayarudi na jibu wala hitilafu, yananing'inia tu, na programu isiyo na mpaka inaweza kuyangojea hadi viazi viote. Muda ukipita bila jibu linalosomeka, inaacha kungoja na kuandika jina la kituo na neno moja mbele yake.

Asubuhi iliyofuata skrini ikawa ya kijani, mstari baada ya mstari, isipokuwa mmoja chini kabisa. Iwawa haijibu.

Malori yaliondoka mapema kuliko siku yoyote. Bosi alininunulia chapati. Nilikula nikijiona fundi, na kusema kweli nilikuwa nimefanya kazi nzuri. Halafu mchana nikampigia simu mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Watoto wanakusalimia. Mama, asubuhi uliupata ujumbe wa ofisini?"

"Niliupata."

"Mbona hukujibu?"

"Nilijibu. Wao ndio hawakunijibu."

Niliulaani mtandao, nikamwambia nitashughulikia. Nyuma yake nilisikia mvua ikipiga mabati, na akaniambia, bila kulalamika, kwamba viazi vya majirani wawili vimekosa nafasi kibandani na wamevifunika na turubai barabarani.

Jambo lililonichanganya ni kwamba NDIYO ya Iwawa ilikuwa inakuja. Inakuja asubuhi ikiwa imeshaisha, malori yameshapita Njombe, programu imeshafunga orodha yake na kwenda kupumzika. Ni kama mtu aliyekuwepo nyumbani muda wote, akasikia mlango ukigongwa, na akaamua kufungua baada ya mgeni kuondoka. Nilikasirika. Sikumkasirikia mama, nilikasirikia minara, mawingu na milima ya Makete kwa jumla.

Basi nikafanya jambo ambalo kila mtu wa kazi yangu hulifikiria kwanza: swali lisipojibiwa, liulizwe tena. Na tena. Niliifundisha programu isichoke. Hasira zangu zote niliziandika mle ndani, ikawa inauliza, inapumua kidogo, inauliza, na kwa sababu nilikuwa nimeipa uhuru huo kwa vituo vyote, siku ambayo vituo kadhaa vilichelewa, maswali yalimiminika kwenye seva ya kampuni ya ujumbe kama watu wa mnadani. Seva ikafunga mlango. Ilitujibu kwamba maombi yetu yamezidi, na kwa sehemu nzuri ya asubuhi haikupokea chochote kutoka kwetu, hata maswali ya kawaida. Bosi alirudi kwenye simu yake. Nilimsikia kupitia ukuta akiuliza habari za ng'ombe wa mtu.

Hilo lilipita. Lililokuja baada yake lilikuwa baya zaidi. Asubuhi moja Iwawa ilijibu, tena ilijibu sana. NDIYO ya kwanza ikaingia, ikafuatiwa na nyingine, na nyingine. Programu, mtumishi mwaminifu, ikaandika malori mawili kabla sijaona kinachoendelea, na ingeandika la tatu kama tungekuwa nalo. La kwanza lilipakia. La pili lilipanda milima yote ile kwenye utelezi, likakuta kibanda kitupu. Dereva alipewa chai na viazi vya kuchemsha, akashukuru, akateremka na lori tupu hadi Makambako, na chai yote ile haikumzuia kutuambia anatufikiriaje.

Nilipiga simu tena.

"Mama, mbona umejibu mara nyingi hivyo?"

"Niliulizwa mara nyingi. Mtu akikuuliza, hujibu?"

Kila swali alikuwa amelipatia jibu lake, moja baada ya jingine, kwa utaratibu, kwa sababu kwake kila swali lilikuwa limeulizwa na mtu. Programu haikuwa na njia ya kujua kwamba zile NDIYO zote ni za mzigo mmoja.

Jioni hiyo bosi aliniita. Hakupaza sauti, na nilijua maana yake.

"Dada, tuitoe Iwawa."

Nilianza kujitetea, akaniwahi.

"Najua ni mama yako. Mimi mwenyewe ninampenda, amenilisha mara ngapi nikiwa dereva napita kule. Lakini nina madereva wanaokaa bure kwa ajili ya kituo kimoja. Nakupa hadi Jumatatu. Jumatatu Iwawa ikijibu kama wenzake, inabaki. Isipojibu, tutawaambia wapeleke viazi vyao kituo cha jirani."

Kituo cha jirani kiko mbali kwa mtu anayebeba gunia mgongoni, na wasio na namna ya kufika huko wangebaki na wachuuzi wanaopita na magari yao wakidai lumbesa, lile gunia lililojazwa kupita mdomo hadi likashonewa kilemba juu. Hilo lilinihuzunisha. Lakini kwa kuwa nasema yangu, nitasema yote: niliyemwona usiku nikifumba macho ni mama, kwenye kibanda kitupu, na sufuria kubwa ya chai imening'inizwa ukutani. Mtu mzima akinyang'anywa kazi inayomletea watu mlangoni, anazeeka wiki ileile. Nimeshaona.

Alhamisi nilipanda kwenda Iwawa na kompyuta yangu, kwenda kuupima mtandao. Nilikuwa na uhakika kwamba nitaukuta na hatia.

Nilifika jioni. Mama alinipokea, tukasalimiana vizuri, akanipa blanketi na viazi vya moto, na hakuniuliza kilichonileta. Kwake mgeni haulizwi hivyo siku ya kwanza. Asubuhi nilikuwa jikoni kando ya moto, kompyuta mapajani, simu yangu mkononi nikiangalia mtandao. Ulikuwa umejaa. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba ya jirani, ile iliyong'ang'ania kuishi kwenye baridi ile, na mtandao ulikuwa umejaa.

Simu ya mama ikalia. Alifuta mikono kwenye kitenge, akavaa miwani, akasoma. Swali langu lilikuwa fupi, kama nilivyoliandika mwenyewe: MNA MZIGO LEO? JIBU NDIYO AU HAPANA. Alilisoma hadi mwisho. Kisha akaandika polepole, kidole kimoja, akatuma, akaiweka simu mapajani na kuendelea kumenya viazi.

Kwenye kompyuta yangu mstari ukatokea: jibu lisilosomeka.

Nilisogea nikaichukua simu yake. Alikuwa ameandika: *Kamwene.*

Kamwene ni salamu yetu watu wa nyanda hizi. Ukiambiwa kamwene unaitikia kamwene, na hapo ndipo mazungumzo yanaweza kuanza.

"Mama, umeandika nini?"

"Nimesalimia."

"Sasa mbona huendelei?"

"Nasubiri aitikie."

"Nani?"

"Huyo anayeuliza," alisema, akaendelea kumenya.

Nilikaa chini. Nilitaka kucheka. Ghafla nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, nimetoka darasani na njaa yangu, nimeingia jikoni humu humu nikipiga kelele chakula kiko wapi. Mama mdogo hakuwahi kunichapa kwa hilo. Alikuwa ananitazama, anasema yeye kwanza, "Kamwene," kama vile mimi ndiye mkubwa na yeye ndiye mtoto, halafu ananyamaza. Hatoi chakula, hagombi, hageuki. Ananyamaza hadi nitoke nje, nipige hodi, niingie tena, nisalimie, naye aitikie. Kisha sahani inatoka, imejaa, na kipande cha nyongeza juu yake. Mara nyingine nilikuwa mkaidi, nikasimama pale nikiwa nimenuna hadi chakula kikapoa. Alikuwa na subira kunishinda.

Sasa alikuwa anaisubiri programu yangu vilevile. Inaingia kwake kila asubuhi bila hodi na kuuliza viazi viko wapi. Anaisalimia, ananyamaza. Yeye anaingoja iitikie, na yenyewe inamngoja aseme NDIYO. Kila mmoja ameshika zamu yake na hakuna anayesogea. Katika kazi yetu tunaliogopa sana jambo hilo, pande mbili kungojeana, na tunalitafuta ndani ya kompyuta kwa taa na miwani. Langu lilikuwa limekaa jikoni kwa mama linamenya viazi.

"Na ile NDIYO ya baadaye?" nilimuuliza.

"Naona viazi vya watu vitaoza. Namhurumia, namjibu hivyo hivyo."

Ningeweza kumwambia hapo hapo: mama, wewe andika tu ndiyo. Angekubali, kwa sababu ananipenda. Angeandika, na bosi angefurahi, na mimi ningeteremka siku ileile. Nilifungua mdomo kulisema, nikatazama mikono yake, nikaufunga. Ningekuwa nimempeleka kuishi kwenye dunia ambayo mtu anaulizwa na haamkiwi, na kumwambia kwamba mwenye makosa ni yeye.

Badala yake niliomba kiti cha karibu na moto na nikafanya kazi pale Ijumaa nzima na Jumamosi hadi alasiri. Jumapili tulikwenda kanisani kwa sababu kwake Jumapili kompyuta haifunguliwi.

Nilianza na salamu. Ujumbe wa kwanza wa asubuhi sasa unaamkia kabla ya kuuliza, na ukija ujumbe wowote wenye salamu ndani yake, programu inaitikia palepale, kabla haijafanya kitu kingine chochote. Kuitikia si kujibu. Ni kusema nimekusikia, niko hapa, endelea. Nilishangaa jinsi jambo hilo dogo lilivyonyoosha mengine, kwa sababu anayejua kwamba amesikika hana haja ya kurudia, na programu inayojua kwamba upande wa pili yupo mtu inaweza kumpa muda zaidi kuliko ile inayoongea na giza.

Kisha kila swali nikalipatia namba yake ya asubuhi hiyo. Likiulizwa upya linakwenda na namba ileile, na jibu linahesabiwa kwa namba, si kwa idadi ya NDIYO zilizoingia. Mama anaweza kujibu kila anapoulizwa, kama adabu yake inavyomtuma, na lori litakuwa moja.

Kurudia kuuliza sikukuondoa. Mtandao wa Makete kweli unakatika, hilo sikumsingizia mtu. Lakini niliifundisha programu kukaa kimya kidogo kabla ya kurudia, na ikirudia bila kufanikiwa ikae kimya zaidi, na vituo visirudiwe vyote kwa mpigo mmoja bali vitawanyike. Niliweka pia kikomo cha maombi yanayoweza kuwa njiani kwa wakati mmoja, mengine yapange foleni, ili seva ya watu isituone kama wavamizi. Na anayechelewa hatupwi. Orodha ya kwanza ya malori inaondoka bila yeye, jina lake linabaki wazi kwa orodha ya pili, hadi saa ambayo bosi mwenyewe anasema sasa basi.

Nilipokuwa nasoma mistari ile upya niliona kwamba hasira zangu hazimo tena mle ndani. Zilikuwa zimebaki kwangu mimi mwenyewe, mahali pake.

Mama hakuuliza nilikuwa nafanya nini. Alinipitishia chai, na Jumapili tulipotoka kanisani alinifungia viazi vya kuteremka navyo.

Jumatatu asubuhi bosi alivuta kiti akakaa nyuma yangu, jambo ambalo silipendi kwa mtu yeyote. Nje malori yalikuwa yananguruma kupasha injini. Programu ikatuma maamkizi, ikatuma maswali, na majibu yakaanza kurudi ovyo ovyo, huyu wa mbali kabla ya wa karibu, kama inavyotakiwa. Mistari ya kijani ikapanda. Mstari wa chini ukabaki.

Iwawa haijibu.

"Dada," bosi alisema.

"Bado, bosi."

Malori ya kwanza yakatoka. Tulisikia kwamba Makete kuna ukungu mzito na radi ilipiga alfajiri, na safari hii niliamini, kwa sababu programu ilikuwa inaniambia kwamba swali halijafika kwenye simu yake kabisa. Ilikaa kimya, ikarudia. Ikakaa kimya zaidi, ikarudia. Bosi alitazama saa yake, akatazama lori la mwisho pale nje, akanitazama mimi, na nadhani alikuwa anatafuta maneno ya upole.

Ndipo likaingia: *Kamwene.*

Programu ikaitikia kabla sijameza mate: *Kamwene, mama. Mmeamkaje huko?*

*Tumeamka salama. Mvua nyingi. Ninyi je?*

*Nasi salama, mama. Je, leo mna mzigo?*

*Ndiyo.* Na mara, labda kwa sababu swali lililokwama njiani nalo lilikuwa limemfikia: *Ndiyo.* Na tena: *Ndiyo, upo.*

Bosi alishika kiti changu. Sote wawili tulikuwa tunaangalia safu ya malori kwenye skrini. Ikaandikwa lori moja. Tukangoja. Likabaki moja.

Alisimama, akafungua dirisha, akamwita dereva kwa ile sauti yake ya injini kwamba aende Iwawa, na asisahau kuaga vizuri akimaliza chai. Kisha akarudi akasoma mazungumzo yale kwenye skrini mara nyingine, midomo ikichezacheza.

"Mimi hiyo ya kuuliza wameamkaje nilikuwa naifanya," alisema. "Mkaniona nachelewesha kazi."

Nilimwacha aseme. Alistahili.

Alasiri mama alipiga simu yeye mwenyewe, jambo ambalo ni nadra. Tulisalimiana. Aliniambia lori limepakia, viazi vya chini ya turubai vimetoka vyote, na uwanjani kulikuwa na watu wengi hadi vikombe vikapungua. Nilisikia sauti zao nyuma yake.

"Na leo ameitikia," akasema.

Nilidhani ni wakati wa kusema ukweli. Sikutaka akae akimwazia mtu fulani mwenye adabu ofisini kwetu, siku moja aje Makambako amuulizie na kuaibika.

"Mama, yule si mtu. Ni mashine. Inajiendesha yenyewe, hakuna mtu anayeandika."

"Najua ni mashine," alisema. "Nilijua tangu siku ya kwanza. Bosi wako aliniambia."

"Sasa ulikuwa unaisubiri nini muda wote huo?"

Nilisikia akimimina chai kwanza, bila haraka.

"Ingekuwa ya mtu mwingine, ningeijibu tu nikaendelea na viazi vyangu," alisema. "Lakini aliniambia umeitengeneza wewe."